Mfuniko wa Tankadi

Majivu yakilowa hutoa harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Si ya moto, si ya udongo. Ni baridi kidogo, kama jikoni alfajiri kabla mtu hajawasha kuni. Juzi jioni nilichekecha majivu ya jiko langu kwa kitambaa, nikayatia maji, nikaanza kusugua tankadi ya Baba hapa dirishani, katika chumba nilichopanga mjini, mtaa wa Section 58. Jirani aliyekuwa akianua nguo uani akasimama.

"Hiyo ni birika ama ni nini?"

"Ni kikombe."

"Kikombe chenye kofia!" Akacheka, akaenda na nguo zake.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta jibu ambalo ningempa. Najua hakuna aliyelisubiri, na huenda ameshasahau kwamba aliuliza. Mimi ndivyo nilivyo. Mtu akiniuliza saa, naanza kujiuliza kwa nini ameniuliza mimi.

Tankadi yenyewe ni kopo kubwa la madini ya kijivu, zito kuliko bati, lenye mkono uliopinda kama sikio la ng'ombe. Juu ina mfuniko wenye bawaba, na kwenye bawaba kuna kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba. Ukibonyeza, mfuniko unainuka. Ukiachia, unaanguka na kulia ko, sauti fupi ya kitu kilichokwisha kusemwa. Jina hilo la tankadi Baba alilitoa kwa Bwana, mzungu aliyemwajiri, kama alivyolisikia, na sisi nyumbani hatukujua lingine.

Baba alikuwa mpishi katika shamba la mzungu juu ya Dundori, pale ambapo ukisimama ukingoni asubuhi isiyo na ukungu unaliona ziwa huko chini kama sahani yenye mdomo wa waridi. Ninyi mliokulia kwenye kambi za mashamba hayo mnazikumbuka asubuhi zile: viazi vya jana vikichomwa kwenye jivu, kengele ya kuamsha watu wa maziwa, magoti yaliyokauka kwa baridi mpaka yakawa meupe. Tulikuwa tumehamishwa wakati wa Hali ya Hatari, tukapelekwa rizavu, ardhi waliyotengewa Waafrika, kwa malori pamoja na mbuzi na masufuria, halafu baadaye Memsahab, mke wa Bwana, akamtafuta Baba na kumrudisha kwa sababu hakupata mwingine aliyejua kuoka mkate wake. Mimi safari hizo sizikumbuki. Nilizisikia tu kwa wakubwa, hasa walipokuwa wakitafuta kitu na kukikosa. "Kilipotea na malori," walisema, na mjadala ukaishia hapo.

Tankadi ilikuja kwetu kwa sababu ya ini la Bwana. Daktari alimkataza pombe, lakini kila akiiona tankadi kwenye kabati ya vioo alikumbuka kwamba ana kiu. Memsahab akamwambia Baba aipeleke mahali ambapo Bwana hataiona. Baba akaileta nyumbani ndani ya kikapu, imefunikwa kwa majani ya maboga, akaiweka juu kabisa ya rafu karibu na Biblia ya Mama. Haikuwa yetu, na pia hakuna aliyetaka irudi. Kila Jumamosi aliishusha na kuisugua kwa majivu yaliyolowa, nje na ndani, polepole, kama vile kesho Bwana angepona na kuiitisha.

Katika nyumba ile nililala kitanda kimoja na dada yangu Wairimu. Alikuwa mkubwa kwangu sana, tayari msichana wa kuulizwa habari zake, na alibeba jina la nyanya yetu, mama yake Baba, ambaye sote tulimwita Cucu. Kwa sababu hiyo Cucu alimwita "wajina," na Baba, kwa heshima ya jina hilo, alimwita "mama." Mimi nilimwita Wairimu tu, na miguu yake ndiyo iliyokuwa jiko langu usiku. Alikuwa amemaliza masomo ya misheni, na mhubiri aliyepita shambani alileta habari kwamba hospitali ya misheni imekubali kumchukua akasomee uuguzi. Habari hiyo ilimfanya Mama aimbe siku nzima. Baba alisema tutaona.

Alisema hivyo kwa sababu kulikuwa na Kariuki. Huyu aliendesha trakta katika shamba la jirani, na alinukia dizeli hata siku za kanisa. Kabla hajakupa mkono aliupangusa kwanza kwenye suruali, hata ukiwa mtoto, hata mkono wako mwenyewe ukiwa na matope. Alikuwa akiniletea sukari nguru iliyofungwa kwa ganda la mgomba. Nilimpenda, na nilitamani trakta yake iharibike mahali pa mbali sana. Wairimu naye alimpenda. Nilijua kwa sababu trakta ikipita ng'ambo ya boma, alikuwa akiacha kunisuka na mikono yake inakaa tu kichwani mwangu.

Sasa niseme desturi yetu, maana nimeona vijana wa siku hizi hawaijui. Watu wa upande wa kijana huja na pombe, muratina, ya kumwomba msichana. Kabla wazee hawajaonja, baba humwita binti yake, humpa pembe ya kunywea iliyojazwa, na kumwuliza mbele ya watu kama pombe hiyo inywewe. Akionja na kumrudishia baba yake, amekubali, na wazee wanakunywa. Akiirudisha bila kuonja, amekataa, na pombe inamwagwa. Na pembe ya ng'ombe, kama mnavyojua, imechongoka chini. Haiwezi kusimama. Ukishaishika, lazima unywe au umpe mwingine.

Siku chache kabla wageni hawajaja niliwasikia wanawake mtoni wakimtania Wairimu. "Akionja tu, huyo si wetu tena." Nikaelewa kama mtoto anavyoelewa: kwamba dada yangu atakuwa ndani ya pombe ile, na kwamba ikishanywewa, ameondoka.

Walikuja Jumamosi mchana, ukungu ukiwa bado umekalia miti ya mikaratusi. Bwana alikuwa ametoa ruhusa kiingie shambani kibuyu kimoja kikubwa cha pombe. Harufu ya muratina ilijaza nyumba, asali iliyochacha, na Mama, ambaye alikuwa mtu wa kanisa, alifungua dirisha huku akijifanya moshi ndio unaomsumbua. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Kariuki, mzee Gathecha, mtu wa sauti kubwa na kofia ya zamani ya jeshi ambayo hakuivua hata wakati wa sala. Kariuki mwenyewe alibaki nje na wenzake, kama inavyotakiwa, maana kijana hana neno siku hiyo. Mimi nilikaa sakafuni, nikiegemea miguu ya Cucu.

"Haya, mzee," Gathecha akamwambia Baba, "toa pembe."

Baba akakohoa. "Pembe ya marehemu baba ilipotea na malori."

"Basi tunywee nini? Viganja?"

Kila mtu alikitazama kibuyu. Kikombe cha chai kingekuwa dharau, na bakuli ni la uji. Nikamwona Baba akiinua macho kwenye rafu. Akaishusha tankadi, akaipangusa kwa mkono wa koti, na kuiweka juu ya kigoda, katikati ya watu.

"Eeeh!" Gathecha akapiga goti. "Leo tumekuwa wazungu!"

"Hata mzungu ana koo," Baba akasema, akamimina.

Wairimu aliitwa. Alikuwa amevaa gauni la bluu la misheni, na amejipaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Baba alisimama, akampa tankadi kwa mikono miwili.

"Mama, hii pombe imeletwa na watu hawa. Tuinywe, ama tusiinywe?"

Wairimu akabonyeza kidude kwa kidole gumba. Mfuniko ukainuka. Akaipandisha tankadi mpaka kidevuni, na mimi nikashika kifundo cha mguu wa Cucu kwa nguvu zangu zote. Akasimama hivyo. Niliona povu likimeta. Kisha akaishusha polepole, akatazama huku na huku kama mtu aliyebeba maji katika nyumba ya wenyewe, akainama, akaiweka tena juu ya kigoda. Akaachia kidole.

Ko.

Nimeusikiliza ukimya ule mara nyingi katika maisha yangu. Hata chuoni, katikati ya mtihani, niliwahi kuusikia.

"Sasa hiyo ni nini?" Gathecha akauliza.

Baba alikuwa bado amenyoosha mikono. "Mama, pembe haiwekwi chini," akasema kwa upole.

"Hii si pembe, Baba."

"Ni kweli si pembe," Cucu akasema juu ya kichwa changu. "Pembe haina makalio. Hii inayo. Umempa mtoto kitu chenye makalio, sasa kimekaa, unashangaa nini?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Gathecha hakucheka, akamgeukia Cucu. "Mama, mimi nimeombea vijana wengi wake. Najua ndiyo na najua hapana. Hii sijaiona. Ni ndiyo ama ni hapana?"

"Hapana humwagwa. Umeona imemwagwa?"

"Na ndiyo hunywewa! Imenywewa?"

"Imefunikwa," Cucu akasema. "Kwenu kinafunikwa nini? Si chakula cha mtu aliyechelewa?"

 Baba akaketi. Uso wake niliuona kutoka chini, taya likisogea kama anatafuna kitu kigumu, na hata mimi nilijua kilichokuwa kikipimwa. Wageni wangeinuka wakati huo na kibuyu chao, jambo lile lingekwisha, na hadithi ya binti wa mpishi aliyewafunikia wazee pombe ingefika mashamba yote kabla ya ng'ombe kukamwa jioni. Hakuna ambaye angeleta pombe tena.

"Sijakataa," Wairimu akasema. Alikuwa ameinamisha kichwa, lakini sauti haikuinama. "Nataka kwanza nikasome hospitali. Nikirudi nitaifungua mwenyewe."

Ndipo Gathecha akageukia mlango na kupaza sauti, "Wewe Kariuki! Umesikia huko nje? Umefunikwa!"

Vijana nje walipasuka kwa kicheko. Kilipokwisha, Kariuki alitokea mlangoni. Hakupaswa kusema kitu. Alipangusa mikono yake kwenye suruali, mmoja halafu mwingine, akiitazama tankadi na si dada yangu.

"Nimesikia, mjomba."

"Na unasema nini?"

"Iko na mfuniko," akasema. "Nzi haitaingia."

Basi. Akarudi nje. Wageni walikunywa chai ya Mama, maana muratina isingeweza kunywewa, wakaondoka na kibuyu chao kikilialia kwa pombe. Tulimsikia Gathecha mpaka kwenye kona ya boma: "Nimepanda mlima huu wote, nashuka na koo kavu!" Kilichobaki kwetu ni kile kilichokuwa ndani ya tankadi.

Jumatatu Wairimu aliondoka na gari la maziwa. Nililia tangu usiku, nililia nikiwa nimeshika gauni lake, nililia mpaka dereva akazima injini kwa huruma au kwa kuchoka. Wairimu alichuchumaa mbele yangu. "Sikiliza. Ile tankadi iko kwenye rafu. Iangalie vizuri. Mtu asiifungue mpaka nirudi."

Niliacha kulia. Nilikuwa na kazi.

Sijui kama nimewahi kufanya kazi nyingine kwa uaminifu ule. Niliamka na kuitazama kabla ya kunawa. Paka alipopanda kwenye rafu nilimtupia kiatu cha Baba. Mgeni akiisifia, nilisimama kati yake na ukuta. Mara nyingine, nyumba ikiwa tupu, nilipanda juu ya kigoda na kuweka sikio kwenye ubavu wake uliokuwa baridi, nikasikia mvumo mdogo ndani, kama nyuki walio mbali. Nikajua pombe ipo na inachacha. Dada yangu yumo na anapumua. Sikuthubutu kuitikisa.

Jumamosi ya kwanza Baba aliposhusha tankadi na bakuli lake la majivu, nilimkimbilia. "Nje tu, Baba! Nje tu!"

Akanitazama kwa muda. Kisha akasugua nje tu, na Jumamosi zote zilizofuata akafanya hivyo hivyo, kidole chake gumba akikiweka mbali na kile kidude.

Mvua zikaja, pareto ikachumwa, viazi vikang'olewa na kupandwa tena. Wairimu alikuja likizo mara chache akinukia dawa, na kila mara aliitazama rafu bila kuigusa. Trakta iliendelea kupita. Kuna wakati ilipita bila Kariuki kuja kwetu kwa muda mrefu, na Mama na Cucu wakaanza kunong'ona jikoni kuhusu binti fulani wa Kuresoi. Nilikuwa nikienda kusimama bomani nione kama dereva ni yule yule. Ilinishangaza kwamba sasa nilitaka awe yule yule.

Alikuwa yule yule. Wairimu alipomaliza masomo, walikuja tena, na safari hii Kariuki alileta pembe. Aliomba ya fahali aliyechinjwa kwa Bwana wake, akaikwangua kwa kioo na kuisugua kwa mchanga jioni nyingi, mpaka ikawa unaona mwanga wa mlango kupitia ukingo wake. Gathecha aliiinua juu kama kuhani. "Leo hakuna makalio hapa!" akasema, na hata Mama akacheka. Baba akaijaza na kunyoosha mkono kumwita Wairimu.

Lakini ile ya kwanza je? Hakuna aliyeikumbuka? Nilipanda kigoda, nikaishusha tankadi kwa mikono miwili, nikapita katikati ya magoti ya wazee nikiwa nimebana pumzi nisiimwage.

"Hii haijaisha," nikasema. "Alisema ataifungua yeye."

Wairimu alinitazama, kisha akaipokea. Akabonyeza kidude.

Ilikuwa tupu. Ilikuwa kavu na safi mpaka chini, iking'aa, na harufu pekee iliyotoka humo ilikuwa ya majivu.

"Niliiosha jioni ile ile!" Mama akasema, mkono mdomoni. "Kitu cha watu, na kesho yake kanisa! Mlidhani nitalala na pombe ndani ya nyumba?"

Wazee walicheka mpaka Gathecha akavua kofia yake, mara ya kwanza tukakiona kipara chake. Mimi sikuelewa wanachekea nini. Nilikuwa natazama ndani ya tankadi nikimtafuta mtu. Wairimu hakucheka, na Baba hakucheka. Wairimu akaipokea pembe kutoka kwa Baba, akainamisha mdomo wake juu ya tankadi, na kuimimina pombe yote ya Kariuki humo, taratibu, bila kudondosha tone. Kisha akainua tankadi kwa mikono miwili, akanywa mbele ya watu wote, akampa baba yake.

Usiku wake wa mwisho kitandani kwetu nilimpa mgongo. Yeye akaweka miguu yake kwenye yangu, kama kawaida.

"Ulijua ni tupu?" nikamwuliza ukutani.

"Nilijua. Mimi ndiye niliyeipangusa Mama alipoiosha."

"Mbona basi uliniambia niiangalie?"

 "Ulikuwa unalia sana," akasema. "Nilitaka uwe na kitu cha kufanya."

Bwana aliuza shamba na kurudi kwao bila kuulizia tankadi. Wairimu na Kariuki wako upande wa Kuresoi sasa, wana viazi na watoto, na yeye anafanya kazi katika zahanati ambako kila mtu anamjua. Mimi nilisoma mpaka shule zikaisha, nikapata karatasi yangu ya chuo kikuu, na bado sijui kujibu swali la jirani anayeanua nguo.

Mwezi uliopita tulimzika Baba. Vitu vyake vilikuwa vichache na viligawanywa bila maneno. Watu walipoanza kuondoka, mimi nilikuwa nyuma ya jikoni, kwenye rundo la kuni, na nadhani nilikuwa na hali mbaya, maana watoto walikuwa wamesimama mbali wakinitazama. Wairimu alikuja, akachuchumaa mbele yangu kwa shida, magoti yake siku hizi yanamsumbua. Alikuwa ameshika tankadi, mfuniko umefungwa. Akaiweka mapajani mwangu.

"Iangalie vizuri," akasema.

Imekaa hapa dirishani tangu niliporudi. Najua hakuna kitu ndani. Nimeisugua kwa majivu mpaka dirisha lote linaonekana ubavuni mwake, pamoja na kamba za nguo na jirani yangu akipita. Nimesugua nje tu.